Shavu Moja la Mnanaa

Jirani yetu wa Awindiri alikuwa akijipaka shavu moja tu. Kila asubuhi shavu la kushoto lilipata unga wa mnanaa wa porini, na la kulia halikupata kitu. Ukimkuta sokoni Arua alikupa la kulia kwanza, akakuacha ulitazame kwa nafasi, mikunjo na madoa yake yote, kisha akageuka polepole kama mtu anayefungua pazia, akakupa la kushoto.

"Hii iko likizo," alisema. "Hii iko kazini."

Wanawake walicheka, na kabla hawajamaliza kucheka kopo lilikuwa limeshafunguliwa chini ya pua zao.

Tulikaa naye ua kwa ua miaka mingi, na mpaka leo sijui kama mashavu yale yalitofautiana kwa sababu ya mnanaa au kwa sababu alipenda kulalia upande mmoja. Mdogo wangu Poni anaapa kwamba aliwahi kumkuta akilipaka lile la kulia jivu la jikoni. Nilipomuuliza mwenyewe alinitazama kwa huruma.

"Mkubwa," alisema, maana ndivyo alivyoniita tangu nilipobaki mkubwa wa nyumba yetu, "swali kama hiyo inauliza mutu mwenye hana wateja."

Jina lake sitaliandika. Angefurahi mno, na mimi sikumwahidi furaha hiyo. Kwetu alikuwa Jirani, basi. Nikisema ni kwa unga wake na kwa ulimi wake kwamba mimi, Poni na mdogo wetu Wani tulikua tukila katika sufuria moja, sisemi kwa kupamba. Wazazi wetu walipokwisha kufa wote wawili, ilibaki kidogo tu tugawanywe kama nguo za marehemu, huyu huku, yule kule. Nitafika huko. Kwanza unga, kwa sababu usipouelewa unga hutaelewa alichomfanyia baba yetu mdogo.

Mnanaa wa porini si ule wa chai unaopandwa kwenye makopo. Unaota penye maji, kando ya vijito, majani yake madogo na makali, na ukiyafikicha pua inafunguka yote. Jirani aliyachuma kabla hayajatoa maua, jua likishakausha umande. Aliyatandaza kwenye mkeka chini ya kitanda chake, penye giza na upepo kidogo, akawa analala juu ya harufu hiyo kama malkia. Yakikauka hadi kuvunjika kwa kidole, aliyatwanga kwenye kinu, akayachekecha kwa kitambaa chepesi, akatwanga tena yaliyobaki. Unga mzuri, alisema, ukiupuliza haurudi. Kwa visigino vilivyopasuka aliuchanganya na mafuta ya shea. Kwa uso aliuchanganya na maji na udongo mweupe wa mtoni, ukawa uji mzito wa kijani.

Mara ya kwanza aliponiachia majani niyakaushe, niliyaanika juani juu ya bati. Kwetu muhogo, ufuta na samaki vyote huanikwa juani, na nilitaka kumwonyesha kwamba mimi ni mtu wa kazi. Yalikauka upesi, nikajisifu. Jirani aliyanusa, akanishika mkono tukaenda mpaka kwa mbuzi wa mwenyekiti wa kijiji. Akamwekea mbuzi majani mbele. Mbuzi akanusa, akageuza kichwa.

"Umeona?" aliniambia. "Na hii mbuzi jana ilikula ndala ya mwenyekiti."

Hakuuzia kila mtu. Aliyetaka kitu cha kumfanya mweupe alifukuzwa mpaka barabarani. "Hapa iko mnanaa tu. Mnanaa inapoza, inasafisha, inanukia. Rangi yenye mama yako alikupa, hiyo hapana gusa." Na aliyekuja mbio mbio, hata bibi harusi, alipakwa kidogo ndani ya kiwiko na kurudishwa kwao. Kama ngozi haikuwasha, aje kesho. Hilo hakumlegezea yeyote. Kuna ngozi zinagombana na mnanaa, alisema, na ugomvi huo mwenyekiti hawezi kuuamua.

Ukali huo wote haukumzuia kudanganya. Wanawake wa Sudan Kusini waliotoka kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Omugo waliambiwa kwamba majani yanatoka milima ya Kongo, yanavuka mpaka kwa taabu. Wafanyabiashara wa Kongo waliambiwa yanatoka Sudan. "Mutu anapenda kitu ya mbali," aliniambia. Yalitoka kwenye kijito, ng'ambo ya shamba lake la mihogo.

Uji ule ukipakwa usoni hukauka na kukaza ngozi, na hapo ndipo ilipoanza sheria yake kubwa: hapana ongea. Ukiongea, ukicheka, unapasuka na kudondoka. "Ikipasuka mbele ya wakati, mstari inabaki kwa uso mpaka unakufa," aliwatisha. Huo ulikuwa uongo mtupu. Lakini uongo huo ulimpatia kitu ambacho mwanamke mwingine yeyote wa Awindiri angekitamani: watu waliokaa kimya mbele yake, macho wazi, huku yeye akisema.

Na alisema. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyeunguzwa na jua na vumbi, aliambiwa akiwa amekwisha kupakwa: "Uso yako iko kama barabara ya Omugo. Mimi nilipaka polepole kwa sababu niliogopa kidole itaanguka kwa shimo." Kijana alishika magoti yake, mabega yakatetemeka, lakini hakucheka. Mstari ulikuwa unamsubiri.

Siku nyingine walikuja wake wenza wawili ambao walikuwa wametukanana bombani mpaka watu wakaacha kuchota maji ili wasikilize. Kila mmoja alikuja kivyake, hakujua mwenziwe atakuja. Jirani aliwapaka wote wawili, akawakalisha uso kwa uso, magoti yakigusana.

"Sasa gombana," aliwaambia.

Walitazamana, kijani kwa kijani. Mke mkubwa alijitahidi kukunja uso, udongo ukamkatalia. Mke mdogo akaanza kutetemeka tumbo, pua ikatoa sauti kama ya birika, na kipande cha shavu kikamwangukia mapajani. Basi. Wote wawili waliangua kicheko hadi wakashikana ili wasianguke. Jirani aliwagombeza kwa kumharibia udongo, akawapaka upya.

Yeye mwenyewe, kwa kuwa alijipaka shavu moja, mdomo wake ulikuwa huru siku zote. Hakuna aliyewahi kumnyamazisha. Hata kanisani alichagua mwisho wa benchi, la kulia likielekea ukutani na la kushoto likielekea wanakwaya, na wimbo alioupenda aliuendeleza peke yake wenzake wakiwa wameshakaa.

Alikuwa pia bahili wa kushangaza. Aliazima chumvi kwetu na kurudisha kisahani kitupu. Lakini mama yetu alipolala kitandani na hakuinuka tena, Jirani alikuja kila jioni kunigombeza jinsi ninavyopika maharage, na alipoondoka nilikuta mtungi umejaa maji na kuni zimepasuliwa. Nikimfuata kumwambia asante, alikasirika kweli kweli. Neno hilo hakulivumilia. Bibi harusi mmoja alimletea kuku wa shukrani.

"Kuku hii inaumwa nini?"

"Haiumwi, Mama. Ni asante tu."

"Basi mbona inanitazama hivi?"

Kuku alibaki, bibi harusi akafukuzwa. Nami aliniambia: "Asante ni ya mutu mwenye anaondoka. Wewe unaenda wapi?"

"Siendi popote."

"Basi leta maji."

Sasa baba mdogo. Yeye ni mdogo wake marehemu baba, wa kijijini kwetu Lurujo, upande wa Koboko, na si mtu mbaya. Baada ya kumzika mama, mimi nikiwa nimeacha shule kidato cha pili, alikaa na wazee wakatupangia maisha. Wani aende Lurujo kuchunga ng'ombe. Poni aende Omugo kwa shangazi. Mimi nilitafutiwa mume, mjane mwenye nyumba ya bati. Aliona anatusaidia, na watu wengi waliona hivyo pia. Nilimwambia mara mbili kwamba tutakaa pamoja, nitafanya kazi yoyote. Alinijibu kwa upole kwamba msichana hawi baba wa nyumba.

Alifika Arua alasiri moja, akaja kutusalimu, akasema asubuhi atarudi na magunia ya kubebea nguo zetu. Jirani alivuka ua kumsalimu. Alimshika mkono muda mrefu mno, akimsifu jinsi alivyofanana na marehemu, na niliona kidole gumba chake kikisuguasugua ndani ya kiwiko cha baba mdogo.

"Nini hiyo?" aliuliza baba mdogo.

"Dawa ya mbu, Mzee. Mbu ya Arua haina heshima."

Sikuelewa. Nililala nikiwaza magunia.

Asubuhi baba mdogo alikuja na magunia yake chini ya kwapa. Alikuwa amemwita mwenyekiti awe shahidi, na majirani walijaa uani kama kawaida yao. Jirani akatokea na bakuli. Alikitazama kwanza kiwiko cha baba mdogo, akaridhika, kisha akamtazama kidevu.

Lazima niseme kwamba baba mdogo alikuwa mtu wa kujipenda. Yeye ndiye msemaji wa ukoo wetu kwenye mambo ya mahari, na keshoye alikuwa na kikao kikubwa Koboko. Alikuwa amenyoa kwa wembe, na kidevu chote kilikuwa vipele.

"Mzee, kesho wewe ndiyo msemaji, sivyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hii vipele unaenda nayo?"

Mkono wa baba mdogo ulikwenda kidevuni wenyewe. "Iko mbaya?"

"Kwa mbali haionekani. Lakini watu ya bibi harusi watakaa karibu."

Mwenyekiti alikohoa. Baba mdogo akasema tumalize kwanza mambo ya watoto.

"Watoto watakimbia wapi? Kaa. Utaongea ikikauka."

Alisema "Lakini," na kabla hajafika neno la pili alikuwa kijani mpaka masikioni. Jirani alimweleza habari ya mstari. Alimwonyesha hata mahali ungekaa, kutoka puani mpaka kidevuni, kama ufa kwenye ukuta. Baba mdogo alifumba mdomo. Jirani akasubiri mpaka udongo ulipobadilika rangi, kisha akavuta kigoda akakaa mbele yake.

"Sasa, Mzee. Sheria unajua. Mimi nitasema, wewe utasikia. Wani anaenda kuchunga ng'ombe. Wani! Huyu anaogopa mbuzi ya mwenyekiti! Ng'ombe ndiyo itamchunga. Poni anaenda kwa shangazi. Shangazi iko na watoto mpaka mlangoni, huyu atalala dirishani? Na Mkubwa anaenda kwa mume mwenye meno yake inalala kwa kikombe."

Ua mzima ulicheka. Kooni mwa baba mdogo kulitoka sauti, "Mmmh!"

"Mstari!" Jirani alimkemea.

Akainua kidole.

"Kidole inataka nini? Kidole hapana jua Kiswahili. Weka chini."

Kidole kikashuka. Na hapo Jirani aliteremsha sauti, na watu wakaacha kucheka, kwa sababu hatukuwa tumewahi kuisikia sauti hiyo.

"Mama ya hawa watoto amelala pale nyuma ya nyumba. Mimi na wewe tulimzika. Mbele ya kufa aliniuliza kitu moja: watoto wake watalala nyumba moja? Sikumjibu. Mimi si baba yao. Wewe ndiyo baba yao. Mzee, wakae hapa pamoja, Mkubwa awaangalie hawa, na mimi nimwangalie Mkubwa. Nitamfundisha hii kazi. Kama unakubali, itika na kichwa."

Poni alinishika mkono mpaka ukauma. Wani alikuwa nyuma yangu, nikasikia anavyopumua. Baba mdogo aligeuza macho tu, bila shingo, akatazama kule nyuma ya nyumba. Alitazama kwa muda. Kisha kichwa chake kilishuka, kikapanda. Mara moja.

"Mmeona," alisema Jirani.

"Nimeona," alisema mwenyekiti.

Aliletewa maji, akanawa. Akaomba kioo. Akajitazama kulia, akajitazama kushoto, akainua kidevu, akakipapasa, akatabasamu kidogo. Tabasamu lilikuwa bado lipo alipokumbuka.

"Lakini mimi sikukubali! Kulikuwa na nzi! Ilikaa hapa, kwa pua!"

"Nzi gani?" aliuliza Jirani. "Uso yote iko mnanaa. Nzi hapana kaa kwa mnanaa."

Baba mdogo alimgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti alifikiri sana, kama inavyompasa mtu wa cheo chake, akasema ni kweli, hajawahi kuona nzi nyumbani kwa huyu mama. Baba mdogo alitafuta mtu wa kumuunga mkono, akakuta watu wote wanakitazama kidevu chake kwa kukipenda. Akachukua magunia yake matupu. Alikuwa amefika barabarani Jirani alipompigia kelele:

"Mzee! Kule kwa kijito yenu Lurujo, hii majani iko?"

"Iko mingi," alijibu bila kugeuka. "Ng'ombe hapana taka."

"Basi gunia yako imepata kazi!"

Ikapata kweli. Mpaka leo majani yangu mengi yanatoka Lurujo, na baba mdogo ndiye anayeyaleta. Anayakausha chini ya kitanda chake, na mke wake analalamika kwamba analala juu ya dawa ya meno. Kila akifika ananikumbusha kwamba kulikuwa na nzi. Namkaribisha chai.

Shule sikurudi. Nilitwanga. Nilijifunza kuchuma, kukausha gizani, kupaka kiwiko, kuvumilia matusi. Poni alimaliza masomo, sasa anafanya kazi zahanati. Wani anachomelea milango na madirisha mjini na bado anazunguka mbali na mbuzi. Wote wawili walitoka katika nyumba ileile, kila mmoja kwa wakati wake na kwa miguu yake. Niliwahi kujaribu kupaka shavu moja kama Jirani, ili nivute wateja. Wani alinitazama akasema nafanana na geti ambalo fundi wake ameishiwa rangi. Nikaacha.

Miguu ya Jirani ilipochoka, binti yake alikuja kumchukua, akaenda kuishi naye Koboko. Aliondoka akinigombeza kwamba nimefunga mizigo yake vibaya. Kiangazi kilichopita nilimfuata huko na kopo la unga nililolitwanga mwenyewe.

Nilifika jioni. Alikuwa barazani, amepungua, shali mabegani ingawa joto lilikuwa kali. Mashavu yake sasa yalikuwa sawa. Yote mawili yalikuwa likizo. Nilimshika mkono muda mrefu nikimsalimu, nikimsifu jinsi alivyonenepa, na alikuwa na shughuli kubwa ya kunibishia.

Asubuhi nilimfungulia kopo. Alichukua unga kwenye kucha, akaupuliza. Haukurudi. Akakohoa kwa makusudi.

"Iko nzito," alisema.

"Ndiyo, Mama." Nikachanganya uji kwenye bakuli la binti yake. "Leo nakupaka uso mzima."

"Hapana. Mimi ni ya shavu moja. Na kiwiko? Unapaka mutu bila kujaribu kiwiko? Nilikufundisha nini?"

Nilimtazama tu mkono. Akaukunjua, akachungulia ndani ya kiwiko, mahali ambapo kidole gumba changu kilipita jana yake. Palikuwa safi, hapakuwasha. Alikaa akipatazama.

"Mwizi," alisema polepole, kwa sauti ya mtu aliyeletewa zawadi.

Nikampaka. Paji la uso, mashavu yote mawili, kidevu, na kuzunguka mdomo kwa uangalifu mkubwa. Ngozi yake ilikuwa nyembamba, nilipaka kama mtu anayeandika kwenye maji. Nilisubiri udongo ubadilike rangi. Kisha nikavuta kigoda nikakaa mbele yake.

"Sasa, Mama. Hapana ongea. Mstari inabaki."

Macho yalimtoka. Alikuwa ameelewa kinachokuja. Akainua kidole.

"Kidole hapana jua Kiswahili," nikamwambia. "Weka chini."

Nikamwambia asante. Nilianza na kuni, na mtungi wa maji, na maharage. Nilimwambia kwamba Poni ana funguo za zahanati na Wani ameweka geti la chuma mbele ya nyumba ya mama, na kwamba mama alijibiwa swali lake. Nilimwambia kwamba siendi popote, na yeye haendi popote, kwa hiyo asante hii si ya kuondoka, ni ya kukaa, na atake asitake ameshaisikia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na njia nyingine. Nilipomaliza aligeuza macho, bila shingo, akatazama barabara iendayo Arua. Kisha kichwa chake kilishuka, kikapanda. Mara moja.

Binti yake alileta maji. Nikamnawisha, nikamkausha kwa leso. Akanusa hewa, akapapasa shavu la kulia kama mtu anayekutana na ndugu aliyepotea, halafu akanielekezea kidole kile kile.

"Usijidanganye," alisema. "Kulikuwa na nzi."

"Nzi gani, Mama?" nikamuuliza, nikifunika kopo. "Nzi hapana kaa kwa mnanaa."